Nyumba Ambayo Kuku Hawakufa

Mwezi uliopita tulimzika shangazi Agnesi. Siku ya kuondoa matanga nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wenzangu, tunamenya viazi, na Mama Paskalina, jirani wa miaka mingi, akawageukia mabinti waliokuwa wanaosha masufuria, akaninyooshea kisu. "Mnamwona mwalimu huyu? Huyu ndiye aliyemgundua mchawi wa kuku hapa Mungaa, tena kwa kalamu tu. Alikuwa msichana kama nyie." Mabinti wakaniangalia kwa heshima, mmoja akataka kujua nilimgunduaje. Nilipaswa kumjibu palepale kwamba hakukuwa na mchawi. Nimefundisha hesabu miaka zaidi ya thelathini, nimewanyima alama watoto wa watu kwa sababu ya kuruka hatua moja, lakini siku ile nilimenya kiazi changu mpaka kikabaki kama yai. Nilijiambia kwamba msibani si mahali pa mambo hayo. Siku hizi sababu za aina hiyo ndizo ninazozishuku kuliko zote, zile zinazokuja haraka na zimejaa adabu. Kwa hiyo nayaandika hapa, kabla sijapata nyingine.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu, nikapelekwa kwa shangazi nikae naye mwaka ule badala ya kukaa bure. Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, mitumba ilimwagwa chini siku za mnada, na ghala la ushirika lilibaki na popo peke yao. Kila mtu aliruhusiwa kufanya biashara, na kila aliyeifanya ikamnyookea alitazamwa kwa jicho la pembeni. Mtu akiezeka bati, jirani hakuuliza amepata wapi, aliuliza amemtoa nani kafara. Nyumba ya shangazi ilikuwa tembe ya zamani, ya udongo, paa bapa na chini kiasi kwamba mgeni mrefu aliingia ameinama na kutoka ameinama. Mimi nililala chumba cha katikati, na kati yangu na jiko kulikuwa na ukuta wa fito uliokandikwa, wenye ufa upana wa kidole. Karibu yote niliyoyajua mwaka ule niliyapata kwenye ufa huo. Wanawake walikuja saa za mchana, jua likiwa kali, wakala na shangazi ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, na wakishashiba sauti zao zilishuka. Zikishuka tu, nami naacha kusuka mkeka wangu.

Shangazi alinunua kuku. Alizunguka vijiji vya mbali, akirudi Jumatatu au Jumanne na matenga mawili matatu, na Alhamisi lilipita lori la kwenda Ikungi, ambako alipakia kuku kwenye basi la Dodoma. Tatizo lake lilikuwa siku zile za katikati. Tembe yetu haikutosha, na hakutaka kujenga banda, kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake aliouita kulaza kuku. Wawili watatu alilaza kwa Mama Paskalina, wengine kwa mke wa mwenyekiti, wengine kwa mashemeji, nyumba hii na ile, wakila na kulala pamoja na kuku wa mwenye nyumba mpaka asubuhi ya lori. Hakuna aliyemkatalia. Kwetu kumkatalia ndugu asilaze kuku wake kwako ni sawa na kumwambia unamshuku wizi. Aliwapa sabuni kipande au chumvi, wakaridhika. Na aliyewabeba kuku kwenda na kurudi nilikuwa mimi, tenga kichwani, shikamoo mlango hadi mlango. Nilipenda kazi ile. Kila nyumba nilipewa kitu cha kutafuna.

Kulikuwa na mnunuzi mwingine, Mama Elia, mjane, Mnyiramba aliyekuja Mungaa na mumewe, na mume alipofariki akabaki, jambo ambalo watu hawakulielewa. Mwanamke asiye na mtoto aliyebaki hai wala shemeji, anabaki kufanya nini? Hakuwa na pa kulaza kuku. Akajenga banda mwenyewe kwa miti na miiba, akaliinua juu ya mawe, akawa anaingia na kutoka humo peke yake. Bei yake ilikuwa nzuri kuliko ya shangazi, nami nilisikia ufani shangazi akilisema hilo, taratibu, kama mtu anayesema jambo la kawaida: "Anatoa wapi hela ya kuwapa bei hiyo? Mimi nina ukoo mzima nyuma yangu na siwezi." Aliuliza tu, hakusema zaidi. Lakini alikuwa hodari wa kuacha swali mezani kisha akaondoa vyombo.

Mdondo tuliujua. Ulikuja kila kiangazi na upepo, kuku wanasinzia, mabawa yanashuka, shingo inapinda, wanahara kijani, unafagia kijiji chote kwa wiki mbili na kwisha. Hakuna aliyetafuta mchawi kwa jambo hilo. Mwaka ule ulikuja masika, mtama ukiwa shambani, na haukufagia. Uliingia kwetu, ukaruka nyumba mbili, ukaingia kwa Mama Paskalina, ukatulia, kisha ukaibuka ng'ambo ya korongo. Kuku ndio waliokuwa mali ya wanawake, ndio chumvi na daftari la mtoto, na sasa wanawake walikaa na sisi mchana wakiwa na macho makavu. "Ugonjwa hauchagui," nilimsikia Mama Paskalina. "Kinachochagua ni mtu." Watu wakaanza kufunika vifaranga mgeni akipita. Salamu zikawa za mbali. Mimi mwenyewe niliona mama mmoja akinitemea mate nyuma baada ya kuniitikia marahaba, nikadhani amechanganyikiwa.

Hapo nikatoa daftari. Nilikuwa na daraja la pili, nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na niliamini kwamba kijiji kile kilihitaji mtu wa kufikiri. Niliyaona mazungumzo ya jikoni ni ya wajinga: kila mmoja na ndoto yake, kila mmoja na bundi wake. Mimi ningetumia ushahidi. Nilichora mistari. Nikazunguka nyumba kumi na mbili za kitongoji nikiuliza kuku wa kwanza alikufa lini, na nani wa kutoka nje ya nyumba alifika siku za karibuni. Niliandika kwa mwandiko mzuri, na nilipomaliza nikaona jambo lililonisisimua mwili. Nyumba kumi na moja zilipata mdondo. Moja haikupata. Na karibu katika zote zile kumi na moja, watu walimtaja mgeni mmoja aliyefika kuuliza kama kuna kuku wa kuuza: Mama Elia. Nyumba iliyosalimika nayo ilikuwa ya kwake. Nilisoma mara tatu. Sikutumia bundi, sikutumia ndoto, na nilifika palepale walipofika wao, nikafurahi kwamba nimefika kwa njia ya wasomi. Sasa nikiona mwanafunzi amefurahia jibu kwa namna ile, humwambia arudie tangu mwanzo, hata kama jibu ni sahihi.

Shangazi alikuwa wa kwanza kuonyeshwa. Alipitisha kidole kwenye mistari, ingawa kusoma alisoma kwa shida, akasema, "Haya si maneno yangu wala ya Paskalina. Haya yamejiandika yenyewe." Siku ya tatu niliitwa kwenye kibaraza cha ghala la ushirika, walipokaa wazee wa kitongoji na mwenyekiti wao, Mzee Ntandu, mtu mpole aliyependa kufunga mambo upesi. Nikasoma. Hakuna aliyenikatisha. Mama Elia alikuwa amesimama upande, kanga mabegani, na nilipomaliza Mzee Ntandu akamuuliza kama ana la kusema. Akasema, "Kuku wangu hawajafa, ni kweli. Mnataka nami wangu wafe?" Watu wakaguna. Kwa masikio yetu siku ile lilikuwa jibu la kiburi. Hawakumpiga, wazee walikuwa makini na jambo hilo. Walimwambia apumzike kwa ndugu zake mpaka mambo yatulie, na kila mtu alijua maana yake. Alhamisi alipanda lori lilelile lililobeba matenga ya shangazi. Banda lake lilikuwa limebomolewa kabla lori halijafika. Nilimwona amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, na nilijisikia vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa ningependa kuandika vingine.

Mdondo haukwisha. Uliingia nyumba mbili za kitongoji cha pili, kisha ukarudi kwetu kwa vifaranga waliokuwa wamebaki. Nikangojea watu waseme tumekosea. Hakuna aliyesema. Nilisikia ufani kwamba ameacha kitu, amefukia kitu pale bandani, na vijana wakaenda wakachimba, wakakuta kipande cha chungu, na kipande cha chungu kikatosha. Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi. Hakuna chochote ambacho kingetokea ambacho kisingemtia hatiani yule mwanamke. Kuku wakipona, ni kwa sababu ameondoka. Wakifa, ni kwa sababu ya alichokiacha. Nilijua darasani kwamba hesabu inayotoa jibu moja kwa namba yoyote utakayoitia si hesabu. Lakini nilikuwa nimeisoma kwa sauti mbele ya wazee, na nilikuwa natembea kijijini nikiitwa msomi.

Siku moja alipita bwana mifugo, kijana mwenye baiskeli, akaomba maji. Alikuta kuku wetu mmoja anasinzia karibu na kinu. Akaniuliza, "Huyu amezaliwa hapa?" Nikasema hapana, huyo ni wa kwenda Dodoma, amelala tu hapa, hawa waliokufa ndio wa hapa. Hakusema kitu kikubwa. Alikunywa maji, akasema chanjo haipo mpaka iletwe ikiwa kwenye barafu, akaomba kuku wa kununuliwa wasichanganywe na wa nyumbani, akapanda baiskeli. Alisema kama anavyosema kila nyumba, na pengine hakuna nyumba iliyomsikiliza. Mimi nilibaki nimeshika kata tupu. Kisha nikaingia chumbani, nikatoa daftari.

Kulikuwa na safu ambayo sikuichora. Sikuandika ni nyumba zipi nililaza kuku, na lini. Haikunijia hata kidogo kuiandika, kwa sababu watu waliponijibu nani amefika, hawakumtaja Agnesi wala mimi. Sisi hatukuwa wageni. Nikachora safu hiyo kwa kukumbuka, nyumba kwa nyumba, na nilikumbuka vizuri mno: kwa Mama Paskalina nilipewa karanga, kwa mke wa mwenyekiti kiazi cha moto, ng'ambo ya korongo maziwa ya mgando. Kila nyumba, kuku wa kwanza alikufa wiki iliyofuata tenga langu. Zile mbili tulizodhani zimerukwa mwanzoni zilikuwa nyumba ambazo nilizifikia baadaye. Na nyumba ya kumi na mbili, ambayo kuku hawakufa, ilikuwa nyumba pekee ambayo hakuna mtu katika Mungaa yote angelaza kuku kwake. Walimtenga, na kwa kumtenga wakawakinga kuku wake, na kwa kuwa kuku wake walipona tukamfukuza. Nilikaa kitandani nikiwa nimebanwa na haja ndogo na siwezi kunyanyuka. Yule mama aliyenitemea mate nyuma hakuwa amechanganyikiwa. Aliona kitu, akashindwa kukieleza.

Shangazi alikuwa anachambua mlenda nilipomwambia. Nilimweleza polepole, nikimwonyesha mistari. Hakubisha hata neno moja. Vidole viliendelea kuchuma majani kwenye vijiti, kisha akauliza, "Nani mwingine ameliona hili?"

"Hakuna, shangazi."

"Basi ni vizuri." Akasogeza ungo. "Mwanangu, mimi si mbishi. Inawezekana. Kuku nao wanachoka na safari, mwingine anasinzia unamnunua hivyohivyo. Lakini chuo umeshakubaliwa. Godoro, sare, ndoo, vyote vinatoka kwenye matenga haya. Ukilisema hili hakuna atakayenilazia kuku tena, na wewe utarudi kulima. Na yule ameshapata pa kukaa, nasikia yuko Ikungi. Unamtengenezea nani haki?"

Hata leo sijui kama alijua tangu mwanzo. Nimeligeuza jambo hili miaka yote hii. "Kuku nao wanachoka na safari" ni maneno ya mtu aliyewahi kuyawaza kabla ya siku ile. Lakini pia nimejifunza kujihadhari na akili yangu inapomtafuta mtu wa kumbebesha, maana inafanya kazi vizuri sana ikiwa na mtu. Nilimpenda shangazi. Alinisomesha, na nimemlilia kwa machozi ya kweli mwezi uliopita. Nilikaa wiki tatu bila kusema. Katika wiki hizo nilibeba matenga, nikala karanga za watu, na nyumba nyingine mbili zikapata mdondo. Hiyo nayo iandikwe kwenye safu yangu.

Wiki ya nne nilikwenda mwenyewe kwenye kibaraza cha ghala, siku wazee walipokutana kuzungumzia mpaka wa shamba. Niliamkia, nikaomba nafasi. Nikasoma daftari tena, pamoja na safu mpya, na nikataja jina langu kwanza. Nilieleza mambo hatua kwa hatua, nikasema jambo jepesi la kufanya: kuku wa kununuliwa wasilazwe kwenye nyumba za watu kwa mwezi mmoja tu, tuone. Niliona kwamba nimeeleza vizuri kuliko mara ya kwanza. Mzee Ntandu alinisikiliza mpaka mwisho, kidevu juu ya fimbo.

"Mwanangu," akasema, "ile siku ya kwanza, ulikuwa na uhakika?"

"Ndiyo, mzee."

"Na leo?"

"Leo nina uhakika zaidi."

"Ile siku ungeulizwa, ungesemaje?"

"Ningesema hivyohivyo, mzee."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Mzee mmoja akasema kwa Kinyaturu kwamba shule inawachosha watoto. Mzee Ntandu akaniambia, kwa upole wake uleule, "Tulikusikiliza ukiwa na uhakika, tukamwondoa mtu. Sasa una uhakika mwingine. Mwezi ujao utakuwa na upi? Kaa chini, mama. Turudi kwenye mpaka." Nikakaa. Ninachukia kukiri kwamba swali lake lilikuwa zuri, lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa pale mwaka mzima, isipokuwa alilileta siku ambayo halikumgharimu chochote. Siku ya kwanza hakuniuliza. Nami nilikuwa sina la kumwonyesha ila moyo wangu, na moyo ulikuwa umedunda vilevile siku zote mbili.

Jumamosi niliondoka alfajiri kwa miguu kwenda Ikungi. Nilimkuta Mama Elia kando ya barabara ya Dodoma, amekaa kwenye kigoda mbele ya karai la maandazi, uso umejaa jasho na moshi. Nilimwamkia, akaitikia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yalitoka yote kwa pamoja: kwamba si yeye, kwamba ni kuku wa kulaza, kwamba mimi ndiye niliyewabeba, kwamba nimesema mbele ya wazee. Alikuwa anageuza maandazi kwa mti.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Ulikuwa unapita mlangoni kwangu kila Jumanne na tenga kichwani. Nakuona unaingia kwa fulani, wiki inayofuata nasikia fulani analia kuku. Mtu asiyetembelewa anaangalia njia. Nilianza kukuhesabu mapema kuliko wewe."

"Mbona hukusema pale ghalani?"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Niseme si mimi, ni mtoto wa Agnesi? Ungeandika nini kwenye daftari lako?" Akangoja. "Ulizunguka nyumba zote na kalamu. Kwangu ulisimama njiani, ukatazama banda, ukaandika. Hukubisha hodi. Ungebisha hodi ningekwambia, maana ulikuwa mtoto mwenye adabu, nilikuwa nakupenda."

Nikamwambia arudi Mungaa. Nikasema nitasimama naye. Aliyaopoa maandazi yaliyoiva, akayaweka kwenye beseni, akafunika kitambaa.

"Wazee wamekuamini?"

"Hapana."

"Agnesi ameacha kulaza?"

"Hapana, mama."

"Basi ulichokuja kuniambia ni kwamba sasa tunaojua tumekuwa wawili." Alitia donge jingine kwenye mafuta. "Mimi nimelijua muda mrefu na nalala vizuri, kwa kuwa sikufanya kitu. Wewe utaona."